Wiki Moja ya Kila Mwaka: Nyumba za Zamu na Hesabu ya Mtu wa Kirotshe

Biashara ya nyumba za likizo za zamu huanza na zawadi. Mtu anaalikwa hotelini, anaandaliwa kifungua kinywa, pengine anaongezewa usiku mmoja wa bure, na sharti lake ni kusikiliza maelezo kwa saa moja na nusu. Saa moja na nusu hugeuka saa tatu. Mwishoni anawekewa mezani mkataba wa kutia sahihi siku hiyohiyo, kwa bei ambayo anaambiwa kesho haitakuwepo. Mzaliwa wa Kirotshe, huko Masisi kando ya Ziwa Kivu, hakutani na mwaliko huu nyumbani, kati ya hospitali na ziwa. Anakutana nao pwani ya Kenya alikokwenda kwa semina ya shirika lake, au Dubai alikofuata bidhaa, au Florida baada ya miaka mingi ya kambi na safari ya ukimbizi iliyomfikisha Marekani. Swali linamkuta akiwa mbali, bila mkubwa wa jamaa wa kumshauri, mbele ya muuzaji aliyefundishwa kazi yake vizuri.

Na pesa atakayotoa si yake peke yake. Kuna wadogo zake wanaosoma Goma, kuna shangazi aliyekimbia Shasha akiwa na godoro na sufuria, kuna likirimba inayosubiri mchango wake wa mwezi. Ndiyo maana jambo hili, ambalo kwa tajiri wa Ulaya ni upuuzi wa likizo tu, linastahili kuchambuliwa kwa makini na sisi.

Kinachouzwa si nyumba. Ni haki ya kulala katika nyumba fulani, au katika mojawapo ya nyumba nyingi za kampuni moja, kwa wiki moja ya kila mwaka, kwa miaka 20, kwa miaka 50, au bila mwisho. Nyumba moja inagawiwa wanunuzi 50 hivi, kila mmoja na wiki yake, na wiki mbili zinaachwa kwa ajili ya kupaka rangi na kurekebisha mabomba. Kila mnunuzi hulipa kwa njia mbili: bei ya kuingilia, ambayo hulipwa mara moja au kwa mkopo, na ada ya matunzo, ambayo hulipwa kila mwaka, awe amekwenda au hakwenda. Maneno yote ya hotelini yatahusu malipo ya kwanza. Taabu yote imo katika malipo ya pili.

Wazo lenyewe lilizaliwa Ulaya, na lilikuwa wazo zuri. Mwaka 1963 nchini Uswisi iliundwa kampuni ya Hapimag, ambayo wanachama wake walinunua hisa na kwa hisa hizo wakapata siku za kulala katika nyumba za kampuni. Katika miaka hiyohiyo ya 1960, huko Superdévoluy kwenye milima ya Alpi ya Ufaransa, wajenzi walianza kuuza wiki badala ya vyumba. Walikuwa wanajibu tatizo la kweli: nyumba ya likizo hukaa tupu sehemu kubwa ya mwaka, na mwenyewe analipa paa, mlinzi na kodi ya miezi yote kumi na miwili kwa ajili ya siku chache za starehe. Kugawana gharama hizo kati ya watu 50 ni busara isiyohitaji kutetewa.

Kilichobadilisha busara hiyo kuwa biashara kubwa ni mabadilishano. Mwaka 1974, mjini Indianapolis, Jon DeHaan na mkewe Christel walianzisha RCI, kampuni inayomwezesha mwenye wiki yake mahali pamoja kuiweka kapuni na kuchukua wiki ya mtu mwingine mahali pengine. Kuanzia hapo muuzaji hakuuza tena chumba kimoja cha Mombasa; aliuza dunia nzima kupitia chumba kimoja cha Mombasa. Marriott iliingia mwaka 1984, Disney ikafuata mwaka 1991 na mfumo wa pointi: humiliki wiki maalumu, unamiliki pointi, nazo unazitumia kama sarafu kuomba siku unazotaka katika hoteli unayotaka. Pointi zinasifiwa kwa wepesi wake, na ni kweli kwamba ni nyepesi kuliko wiki iliyofungwa kwenye kalenda. Lakini ni sarafu inayochapishwa na muuzaji mwenyewe. Kampuni ikipanga upya orodha yake na kuamua kwamba wiki ya Desemba sasa inahitaji pointi nyingi zaidi, wewe huna benki kuu ya kulalamikia.

Tuziweke namba mezani. Nchini Marekani, takwimu za chama cha wenye biashara hiyo zinaonyesha kwamba katika miaka ya karibuni bei ya wastani ya kununua ni karibu dola 24,000, na ada ya matunzo inapita dola 1,000 kwa mwaka. Tuchukue dola 24,000 na ada ya dola 1,100, na tuseme ada inapanda kwa asilimia 5 kila mwaka, jambo ambalo mwenye kuijua biashara hii hatalishangaa. Katika miaka 15 ada peke yake inafika karibu dola 23,700. Yaani bei ya pili, ambayo haikutajwa kwa sauti, imelingana na ya kwanza. Jumla ni dola 47,700 kwa wiki 15, ambayo ni karibu dola 3,180 kwa wiki, au dola 454 kwa usiku mmoja.

Hapo mnunuzi amelipa taslimu. Wengi hawalipi taslimu. Wanapewa mkopo palepale na muuzaji, kwa riba ambayo mara nyingi inapita asilimia 12. Kwa riba ya asilimia 15 katika miaka 10, dola 24,000 zinakuwa zaidi ya dola 46,000, na usiku mmoja unapanda hadi karibu dola 670. Kwa pesa hiyo mtu anaweza kulala katika hoteli nzuri ya pwani ya Afrika Mashariki, akala, akabaki na nauli, na mwaka unaofuata akaamua kutokwenda popote bila kudaiwa na yeyote.

Muuzaji atajibu kwamba hesabu hii haihesabu kupanda kwa bei za hoteli. Ni hoja, lakini ya mkono mmoja: bei za hoteli zikipanda, mishahara na umeme wa nyumba ya zamu vinapanda pia, na ada inavifuata. Tofauti ni kwamba hoteli ikipandisha bei unakwenda ya jirani.

Wapo wanaonufaika, na si wajinga. Ni watu wanaokwenda mahali palepale kila mwaka, wenye watoto wengi wanaohitaji jiko na vyumba viwili badala ya chumba kimoja cha hoteli, wenye kazi inayowapa likizo tarehe zilezile, na ambao, aghalabu, walinunua kwa mkono wa pili. Hilo la mwisho ni kubwa. Wiki iliyouzwa kwa maelfu ya dola asubuhi, jioni yake haina bei hiyo tena; katika masoko ya mtandaoni ya Marekani huonekana wiki zinazotolewa kwa dola moja, kwa sababu mwenyewe anachotafuta ni mtu wa kumpokea mzigo wa ada. Mali ambayo mwenye kuimiliki yuko tayari kuitoa bure ili aachane na deni lake, si akiba. Anayekuambia ni uwekezaji, mwombe akuonyeshe mtu mmoja aliyeuza kwa faida.

Mpaka hapa nimesema mambo yanayomhusu mnunuzi yeyote, wa Chicago au wa Nairobi. Kwa mtu wa Kirotshe kuna jambo la ziada, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua kesi nzima. Anayenunua wiki ya mwaka 2040 ananunua pia imani kwamba mwaka 2040, katika wiki hiyo, barabara itapitika, mpaka utakuwa wazi, ndege itaruka, viza itatoka na benki itafungua mlango. Mtu wa Geneva hupata vitu hivyo vyote bila kujua kwamba amevipata. Sisi tunajua.

Tazama miaka michache tu iliyopita. Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya korona. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya Goma iliamriwa kuhama. Maelfu walitembea kuelekea Sake wakiwa na mizigo kichwani. Februari 2024 vita vilifika kwenye milima ya Sake na barabara ya Goma kwenda Shasha, Kirotshe na Minova ikakatika. Watu na vyakula vikahamia ziwani, kwenye maboti yaliyojaa kupita kiasi, na tarehe 3 Oktoba 2024 meli ndogo ya Merdi, iliyotoka Minova, ilizama ikikaribia bandari ya Kituku na kuua makumi ya watu. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Minova, kisha Sake, na tarehe 27 Goma yenyewe. Uwanja wa ndege ukafungwa. Benki zikafungwa.

Sasa mweke katikati ya miaka hiyo mtu mwenye wiki yake ya pwani, tuseme wiki ya kwanza ya Februari. Mwaka 2024 hakutoka. Mwaka 2025 hakutoka, na hata kama angetaka kulipa ada yake kwa uhamisho wa benki, asingepata pa kulipia mjini kwake. Mkataba haujali. Katika mikataba ya aina hii ada hudaiwa iwe umelala au hukulala, na ucheleweshaji una faini. Kifungu cha dharura, pale kinapokuwepo, kwa kawaida humlinda muuzaji anaposhindwa kufungua hoteli. Ni nadra kumlinda mnunuzi anaposhindwa kufika. Bidhaa hii imebuniwa kwa ajili ya watu ambao mwaka wao unafanana na mwaka uliopita. Kumuuzia mtu wa Masisi wiki maalumu ya miaka 25 ijayo ni kumuuzia kitu ambacho hana uwezo wa kukitumia kwa uhakika, kwa bei ileile ya mwenye uhakika.

Mtu atasema: basi mambo hayo ni ya aliyebaki nyumbani, mimi ninaishi Nairobi, au Kampala, au Marekani. Ni kweli, hesabu yake ni nyepesi kidogo. Lakini akumbuke kwamba pwani nayo ina historia yake. Novemba 2002 hoteli ya Paradise huko Kikambala ilishambuliwa. Mei 2014, baada ya onyo la serikali ya Uingereza, makampuni ya utalii yaliwaondoa wateja wao Mombasa kwa ndege na kusimamisha safari kwa miezi. Mwezi uliofuata yakatokea mauaji ya Mpeketoni. African Safari Club, iliyokuwa na msururu wa hoteli Shanzu na Watamu, ilianguka mwanzoni mwa muongo huo. Hoteli inapofilisika, aliyekuwa amelipia usiku mmoja anapoteza usiku mmoja. Aliyelipia miaka 25 anapanga foleni na wadai wengine.

Na akumbuke kwamba wiki ya hoteli si viza. Kumiliki siku saba kwa mwaka huko Florida au Dubai hakukupi haki ya kuingia Florida au Dubai. Ubalozi utakuuliza yaleyale unayoulizwa siku zote. Zanzibar ina utaratibu wa kuwapa ukaazi wageni wanaonunua makazi ya dola 100,000 au zaidi katika miradi iliyoidhinishwa, lakini hapo linazungumzwa jengo zima la mtu mmoja chini ya sheria za uwekezaji. Wauzaji wengine hupenda kuchanganya mambo hayo mawili katika sentensi moja. Yatenganishe.

Kuhusu sheria, mtu wa Kirotshe ana elimu ambayo hakuipata shuleni. Masisi tumeona mlima mmoja wenye karatasi mbili, moja ya mwami na nyingine ya kadasta ya Goma, na chini ya karatasi zote mbili kuna mkulima anayelima mihogo bila karatasi yoyote. Wakati wa ukoloni Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, iligawa ardhi za nyanda za juu kwa walowezi. Mwaka 1973 zairianisation ikahamishia mashamba mikononi mwa wakubwa wa Kinshasa na wa mkoa. Na sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ikasema kwamba udongo wote ni mali ya serikali na mtu hupewa tu haki ya kuutumia: ya kudumu kwa raia, au ya muda usiozidi miaka 25 unaoweza kuongezwa. Haki hiyo inathibitishwa na cheti cha usajili, ile sertifika, ambayo ikipita miaka miwili bila kupingwa inakuwa ngumu sana kutikiswa. Fishi ya kiwanja, ambayo wengi wa Goma wanaitegemea, haina nguvu hiyo. Anayejua tofauti kati ya fishi na sertifika ameshajua swali la kumuuliza muuzaji wa nyumba ya zamu: nikitia sahihi, jina langu litaandikwa wapi?

Majibu ni ya aina mbili. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani mnunuzi hupata hati inayosajiliwa pamoja na hati za ardhi, na anaweza kuirithisha. Kwingine, na katika vilabu vingi vya likizo, anapata mkataba tu: ahadi ya kampuni. Hati inaonekana bora, lakini ina mwiba wake, kwa kuwa inayorithishwa ni pamoja na ada. Mtoto wako anayesoma Goma anaweza kujikuta anaandikiwa na kampuni ya ng'ambo kuhusu deni la kitanda ambacho hajawahi kukiona. Warithi wana njia ya kukataa urithi, ila lazima waijue na waifuate kwa wakati, na nani atawaambia?

Nchi zilizoumia na biashara hii zilitunga sheria. Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo lake la kwanza mwaka 1994 na kuliimarisha mwaka 2008: mnunuzi ana siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, na katika siku hizo ni marufuku kupokea hata senti ya utangulizi. Hispania, ambako fukwe zilijaa wauzaji wa aina hii, iliweka ukomo wa miaka 50, na mahakama kuu ya huko mwaka 2015 ikathibitisha kwamba mikataba isiyo na mwisho haikubaliki. Afrika Kusini ilikuwa na sheria maalumu tangu 1983. Florida inatoa siku 10, Nevada siku 5. Kwa hiyo ukiwa Marekani na umeshatia sahihi jana, usilie, soma tarehe. Barua ya kujitoa iliyotumwa kwa njia inayoacha ushahidi, ndani ya siku hizo, inatosha. Ukiwa Afrika Mashariki, muulize wakili asiye wa muuzaji ni sheria ipi ya nchi hiyo inayokupa siku za kujitoa. Akikujibu kwamba itategemea mkataba wenyewe, basi unategemea huruma ya aliyeuandika.

Kutoka ni kugumu kuliko kuingia, na ugumu huo umezaa biashara ya pili iliyo mbaya zaidi. Mwenye wiki asiyeitaka hupigiwa simu na mtu anayedai kwamba amepata mnunuzi. Kinachohitajika ni ada ndogo ya karatasi, kisha kodi, kisha dhamana. Mnunuzi hayupo. Serikali ya Marekani imelihusisha genge la Jalisco la Meksiko na utapeli huu na kuyawekea vikwazo makampuni yanayohusika kuanzia 2023. Kwa taarifa za FBI, kati ya 2019 na 2023 Wamarekani karibu 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300. Wengi wa wahanga ni wazee. Kanuni ya kujikinga ni fupi: anayekuuzia wiki yako achukue chake kutoka kwenye mauzo, si kabla.

Hapa kwetu tuna kipimo kizuri zaidi cha kuelewa kasoro ya biashara hii kuliko sheria zote hizo: AVEC, vile vyama vya kijiji vya kuweka na kukopa. Katika vijiji vya Kirotshe wanawake wengi wanaelewa AVEC kuliko ofisa wa benki anavyoelewa benki. Wanachama wananunua sehemu kila wiki, wanakopeshana, na baada ya miezi 9 hadi 12 sanduku linafunguliwa, kila mtu anapewa chake na riba yake. Asiyeridhika haingii mzunguko unaofuata. Kinachoifanya AVEC iaminike ni siku ya kugawana. Nyumba ya zamu ina michango, ina kanuni, ina faini kama AVEC. Haina siku ya kugawana. Ukiitafuta siku hiyo katika mkataba na usiione, umeshajua unanunua nini.

Kuna wazo ambalo husikika kwa vijana wetu walio ng'ambo: badala ya kununua wiki kwa wageni, tujenge wenyewe nyumba ya jamaa kando ya Ziwa Kivu, Kirotshe au Bweremana, tugawane wiki kwa zamu. Moyo wangu uko huko. Ziwa lipo, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, bila joto la pwani, na sambaza wa kukaanga hawauzwi kwa pointi. Anayetazama maji hayo kila asubuhi ana haki ya kushangaa kwa nini ndugu yake analipia maji ya Florida. Lakini wazo hili nalo lichambuliwe bila upendeleo.

Ugumu wa kwanza ni kalenda. Wote watataka Noeli na Bonane, hakuna atakayetaka Aprili kwenye mvua na matope. Wageni 50 wasiojuana hugawiwa wiki na kompyuta wakanyamaza. Binamu wanane hawatanyamaza, na mkubwa atataka kupewa heshima ya ukubwa wake. Ugumu wa pili ni nani anakaa humo wiki nyingine zote. Nyumba tupu kandokando ya barabara ya Sake na Minova haikai tupu. Itaingiwa na jamaa waliokimbia, na nani atawatoa shangazi na watoto sita ili yeye alale likizo? Au itaingiwa na wenye bunduki, ambao hawaulizi zamu ya nani. Ugumu wa tatu ni karatasi: fedha zitatoka kwa wanane, lakini kiwanja kitaandikwa kwa jina la yule mmoja aliyekuwepo Goma siku ya kununua. Akifa, warithi wake wataleta karatasi yenye jina moja, na wale saba watakuwa na ujumbe wa simu tu wa kuthibitisha kwamba walituma.

Ninachoona ni kwamba nyumba ya jamaa ina maana kama haitaitwa ya likizo. Ijengwe kama nyumba ya kuishi mtu: mama, mdogo aliyeoa, mwalimu anayepanga. Vibaki vyumba viwili vya wanaotembea. Majina yote manane yaingie kwenye hati tangu siku ya kwanza, na makubaliano ya maandishi mbele ya notera yaseme anayetaka kutoka analipwa nini na nani. Hapo mwaka ambao barabara imekatika, nyumba imemsitiri mtu. Haikuwa wiki iliyopotea. Na atakayetaka starehe tupu, alipie starehe kwa siku anayoipata. Kambi ya kisiwa cha Tchegera, ya Hifadhi ya Virunga, ilipokuwa ikipokea wageni ilikuwa inalipiwa kwa usiku. Hifadhi ilipofunga utalii Mei 2018 baada ya utekaji wa watalii wawili Waingereza, hakuna mgeni aliyebaki na deni la miaka ijayo.

Kwa anayeishi Goma, Sake, Kirotshe au Masisi, hukumu yangu ni kwamba asinunue, kwa bei yoyote, wiki yoyote iliyofungwa kwenye kalenda. Hali ya usafiri wake haimruhusu. Zawadi ya kifungua kinywa aile kama ana muda, na kadi ya benki aiache nyumbani.

Kwa aliyetulia Nairobi, Kampala au Marekani, mwenye pasipoti inayopita na likizo inayojulikana, jambo linawezekana kwa masharti. Kwanza akapange nyumba ileile kama mgeni wa kawaida, miaka miwili au mitatu mfululizo; ikiwa mwaka wa pili watoto wameshachoka nayo, ameokoa maelfu. Akiamua, atafute ya mkono wa pili, yenye miaka iliyobaki michache, mahali panapofikika kwa gari au kwa ndege moja. Apendelee mkataba unaomruhusu kuhamishia mwakani siku asizotumia, na unaoruhusu ndugu kwenda kwa jina lake bila ada ya mgeni, maana kwetu safari huvunjika kwa msiba mara nyingi kuliko kwa mvua. Asikope kwa muuzaji. Asitie sahihi siku ya maelezo, hata akiambiwa bei inakufa saa kumi na mbili jioni.

Na kabla ya kutoa dola ya kwanza aombe karatasi mbili: ankara za ada ya matunzo za miaka mitano iliyopita, na kifungu cha mkataba kinachoeleza jinsi ya kujitoa kabisa, kikiwa na tarehe na gharama yake. Akinyimwa mojawapo, ainuke, ashukuru kwa chai, aondoke.